Fidia ya Kiungo si Mshahara



Askari hachagui siku ya kuumia. Wako wanaoumizwa na risasi au bomu lililotegwa ardhini, lakini wengi huumia katika kazi ambazo hazitungiwi nyimbo: kupakia masanduku ya risasi, kutengeneza lori, kuruka kwa mwavuli siku ya mazoezi. Mgongo ukishavunjika, au goti likishateguka, haurudi tena kuwa kama ulivyokuwa. Jeshi nalo lina kanuni zake. Katika Majeshi ya Kanada kila askari, hata awe mpishi au karani, hutakiwa awe tayari wakati wowote kupelekwa popote na kutenda kazi za askari kwa jumla, siyo kazi ya fani yake peke yake. Asiyeweza tena huachishwa jeshi kwa sababu za afya. Anavua sare akiwa na umri wa miaka thelathini au arobaini, ana mke na watoto, na mwili wake hauajiriki kirahisi.

Kanada si ngeni katika historia ya ulinzi wa Tanzania, kwani kati ya mwaka 1965 na 1970 maofisa wake walikuwa washauri na wakufunzi wa Jeshi la Wananchi lililokuwa changa. Hata hivyo kisa kinachozungumzwa hapa ni cha askari wa Kanada wenyewe na serikali yao. Kinastahili kujulikana na kila mtumishi ambaye kazi yake ni kusoma kanuni na kuamua, kwa kalamu tu, mwenzake atapokea nini mwisho wa mwezi.

Askari wa nchi hiyo aliyeachishwa kwa ajili ya afya aliweza kutegemea malipo ya namna mbili. La kwanza lilikuwa pensheni ya ulemavu, inayotokana na Sheria ya Pensheni ya mwaka 1919, sheria iliyozaliwa na vilema wa Vita Kuu ya Kwanza. Pensheni hiyo hupimwa kwa kiwango cha ulemavu. Haiulizi cheo wala mshahara: jenerali na askari wa kawaida waliopoteza mguu ule ule hupimwa kwa kipimo kimoja. Haitozwi kodi. Tena, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2000, askari aliyeumia katika kazi za kawaida za jeshi ameweza kulipwa pensheni hiyo hata akiwa bado kazini, pamoja na mshahara wake kamili.

La pili lilikuwa bima ya ulemavu wa muda mrefu, iliyo katika mpango wa bima ya askari unaojulikana kwa ufupisho wa SISIP. Askari wa kudumu walitakiwa kuichangia, haikuwa sadaka. Bima hiyo iliahidi asilimia 75 ya mshahara aliokuwa nao askari siku ya kuachishwa, kwa miezi 24, na kama hawezi kabisa kufanya kazi, mpaka atimize miaka 65. Ilimlipa aliyeumia vitani, na ilimlipa pia aliyeumia kwenye mpira wa likizo yake. Ilichoangalia ni mshahara uliopotea, basi.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuwa katika kifungu kimoja cha mkataba wa bima, kilichosema kwamba malipo ya bima yatapunguzwa kwa kiasi cha mapato ya kila mwezi yanayolipwa chini ya Sheria ya Pensheni. Makarani wakasoma hivyo, wakakata pensheni yote ya ulemavu, senti kwa senti.

Hesabu yake ni hii, kwa mfano tu. Askari alikuwa na mshahara wa dola 4,000 kwa mwezi, na kwa kuwa aliumia mgongo akiwa kazini, alipewa pensheni ya ulemavu ya dola 400. Angali jeshini, alipokea 4,400. Alipoachishwa, bima yake ilikuwa 3,000. Zikatolewa 400, zikabaki 2,600. Akijumlisha na pensheni, mkononi mwake mna 3,000. Sasa mtazame mwenzake mwenye mshahara kama huo huo, aliyevunjika mgongo akicheza mpira nyumbani kwao, ambaye hakuwa na haki ya pensheni yoyote ya ulemavu. Naye akapata 3,000! Ndiyo kusema yale malipo ambayo taifa liliyaweka makusudi kumtambua aliyeumia katika kulitumikia yaliyeyuka siku alipovua sare.

Na si hivyo tu. Aliyeumia zaidi alikuwa na pensheni kubwa zaidi, kwa hiyo alikatwa zaidi. Mwenye ulemavu mdogo alipoteza kidogo. Asiye na miguu alipoteza kingi. Na ikiwa pensheni yake ilifikia kiwango cha bima, basi bima aliyoichangia miaka yote haikumpa kitu. Bima ambayo kadiri jeraha linavyokuwa kubwa ndivyo nayo inavyopungua, hiyo ni bima iliyopinduliwa kichwa chini miguu juu.

Wapo watakaouliza: je, si kawaida ya bima kutomlipa mtu mara mbili? Ni kawaida, na katika sehemu yake ni haki. Mtu anayelipwa asilimia 75 ya mshahara wake kwa sababu hana kazi, kisha akapata fungu jingine linaloziba pengo lile lile la mshahara, hana sababu nzuri ya kulalamika yakisawazishwa. Ndiyo maana makato yaliyohusu pensheni ya utumishi jeshini, na yale ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wote wa Kanada, hayakuwa shabaha ya kesi hii. Ugomvi ulikuwa juu ya kitu kimoja: je, fedha zinazolipwa kwa ajili ya maumivu, usingizi uliopotea na mtoto asiyeweza kubebwa mabegani, ni mapato? Na kama zingekuwa mapato ya kuziba mshahara, imekuwaje serikali hiyo hiyo iwalipe askari walio kazini ambao hawajapoteza hata senti moja ya mshahara?

Swali hilo halikukosa watu wa kuliuliza. Kanada ilikuwa imeunda mwaka 1998 ofisi ya kupokea malalamiko ya wanajeshi, ofisi ya jamii ya ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoundwa Tanzania mwaka 1966. Mkuu wake wa kwanza, André Marin, alitoa taarifa mwaka 2003 akieleza kuwa makato hayo si ya haki na kutaka yafutwe. Novemba 2006 Bunge la Kanada lenyewe lilipitisha hoja iliyokuwa na mambo matano kuhusu wastaafu wa jeshi, moja likiwa kuyaondoa makato hayo. Lakini hoja ya namna ile haiibani serikali kisheria. Makato yakaendelea kila mwezi kama kwamba Bunge halikukutana.

Ndipo alipojitokeza Dennis Manuge, askari kutoka mkoa wa Nova Scotia aliyejiunga na jeshi mwaka 1994 na kuachishwa kwa sababu za afya Desemba 2003. Pensheni yake ya ulemavu ilikuwa dola 386.28 kwa mwezi, alizoanza kulipwa akiwa bado kazini. Ni fedha ambazo mtu mwenye kazi nzuri angeweza kuzisahau, lakini kwa aliyeachishwa kazi si hivyo. Machi 2007 alifungua kesi katika Mahakama ya Shirikisho, si kwa ajili yake tu, bali kwa niaba ya wote waliokatwa kama yeye.

Serikali haikuanza kwa kujibu swali. Ilianza kwa kuuliza kama mlango uliobishwa ndio mlango wenyewe. Mwaka 2008 jaji alikubali kesi iendeshwe kwa niaba ya kundi zima. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema askari walipaswa kwanza kupitia njia nyingine ya kupinga maamuzi ya serikali. Na Desemba 2010 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikaurudisha uamuzi wa kwanza. Karibu miaka minne ikawa imekwisha, na hakuna hata jaji mmoja aliyekuwa ameamua maana ya neno “mapato”. Kila anayeifahamu “njoo kesho” ya ofisi za serikali atalitambua jambo hilo, ingawa huko ilivaa joho na kusema kwa lugha ya sheria.

Neno lenyewe lilipofikiwa hatimaye, halikuwa gumu. Tarehe 1 Mei 2012 Jaji Robert Barnes aliamua kuwa pensheni ya ulemavu si mapato kwa maana ya kifungu kile. Haifuati mshahara wala cheo, haitozwi kodi kama mshahara, na haizibi pengo la mshahara. Hulipwa kwa ajili ya hasara ya mwili na ya maisha. Mwisho wa mwezi huo huo serikali ilitangaza kuwa haitakata rufani. Mapatano yaliyofuata mwaka 2013 yaligharimu takriban dola za Kanada milioni 887.8, zikiwemo fedha zilizorudishwa, riba, na bima ambayo ingelipwa miaka ya mbele bila kukatwa. Walionufaika walikuwa kiasi cha watu 7,500, na kwa waliokwisha kufa, haki ilikwenda kwa warithi wao. Sehemu ya marejesho ililipa mawakili, maana yake majeruhi walitoa mfukoni mwao gharama ya kuifundisha serikali kusoma mkataba wake yenyewe.

Ingekuwa vyema kusema kwamba mambo yakaishia hapo, lakini sheria ilikuwa imekwisha kubadilika. Tangu tarehe 1 Aprili 2006, askari wengi waliodai fidia kwa mara ya kwanza hawakupewa tena pensheni ya ulemavu ya kila mwezi, bali malipo ya mkupuo, ambayo kiwango chake cha juu wakati huo kilikuwa dola 250,000. Kijana wa miaka 25 asiye na miguu akakabidhiwa fungu moja na kuombewa heri. Kiunzi cha asilimia 75 ya mshahara kikahamia katika fao jipya la wizara ya maveterani, na makato ya pensheni yakaingia humo nako, hadi yalipoondolewa mwaka 2012 baada ya hukumu ya Barnes. Oktoba 2016 asilimia hiyo ikapandishwa kuwa 90. Wengine waliupinga mkupuo mahakamani kule British Columbia kwa hoja kwamba taifa lina ahadi maalumu kwa askari wake. Mahakama ya Rufani ya jimbo iliikataa hoja hiyo Desemba 2017, na mwaka 2018 Mahakama Kuu kabisa ikakataa kuisikiliza. Aprili 2019 malipo ya kila mwezi ya maisha yalirudishwa kwa jina jipya, ingawa wengi wa maveterani wanasema hayafikii ile pensheni ya kale.

Na mwaka huo wa 2018 likafichuka jambo jingine. Katika kukadiria nyongeza ya pensheni za ulemavu, wizara ilikuwa imekosea hesabu inayohusu msamaha wa kodi, na kosa hilo likaendelea mpaka mwaka 2010. Liligusa watu wapatao 270,000, maveterani na wajane wao, wengi wakiwa wamekwisha kufariki. Kila mmoja alipunjwa kidogo kidogo, kiasi ambacho hakuna ambaye angekigundua kwa kutazama hundi yake. Kesi ilifunguliwa tena, na miongoni mwa majina ya wadai likawamo la Manuge. Mapatano yake, ya hadi dola milioni 817, yalikubaliwa na mahakama Januari 2024, zaidi kidogo ya miaka 20 tangu alipovua sare.