Mwanamichezo Naye Huelemewa

Leo tunazungumzia afya ya akili ya wanamichezo wa vyuo.

Machi 2022, Harry Miller, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alitangaza kuacha mchezo. Alieleza kuwa aliwahi kumwambia kocha wake, Ryan Day, kwamba anawaza kujiua. Kocha hakumkaripia, alimkutanisha haraka na wataalamu.

Mwanafunzi mwanamichezo hubeba mitihani, mazoezi ya alfajiri, safari za mashindano na hofu ya kupoteza ufadhili. Aliyetoka Eldoret kwenda kusoma na kukimbia Marekani huongezewa upweke wa ugenini.

Dalili za kuelemewa ni hizi: kukosa usingizi, hasira za ghafla, kujitenga na wenzake, kiwango kushuka bila jeraha.

Kocha, ukiziona, mwite kando umuulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msikilize, usimwache peke yake, mfikishe kwa mshauri nasaha au hospitalini.

Nawe mwanamichezo, goti likiuma humwona daktari. Akili ikielemewa, fanya vivyo hivyo, tena mapema.