Mzio wa Ngozi Unaotokana na Kemikali za Nguo: Arua na Koboko

Mzio wa nguo hautokei ghafla. Ngozi hukutana na kemikali, chembe nyeupe za damu zikaitambua na kuikariri, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa. Baada ya hapo kila mguso mpya huleta muwasho, vipele na hata malengelenge, ila kwa kuchelewa siku moja hadi tatu. Ndiyo maana mgonjwa huwalaumu samaki aliowala jana, na nguo aliyoivaa juzi ikaendelea kuvaliwa.

Miji ya Arua na Koboko nchini Uganda, iliyo karibu na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini, hupata nguo kutoka kila upande: marobota ya mitumba, vitenge vinavyovushwa kutoka Ariwara, upande wa Kongo, sare za shule, abaya mpya za poliesta. Lawama huiangukia mitumba, na mara nyingi si haki. Shati la pamba lililokwisha kufuliwa miaka huko lilikotoka limepoteza sehemu kubwa ya rangi iliyozidi na ya fomaldehidi, kemikali inayotiwa ili nguo isijikunje. Wa kushukiwa kwanza ni poliesta mpya ya buluu iliyokoza au nyeusi. Rangi yake haikufungamana na nyuzi. Imejipenyeza tu ndani yake, na kwa joto, jasho na msuguano hutoka na kuingia mwilini.

Mahali penye vipele husema mengi. Baka chini ya kitovu huelekeza kwenye nikeli ya kifungo cha jinzi au bizimu ya mkanda. Mstari unaozunguka kiuno ni wa kemikali za mpira wa nguo ya ndani. Shingo, kingo za kwapa na ndani ya mapaja ni za rangi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri: mabaka huwa ya zambarau au kijivu, kisha huacha weusi kwa miezi. Mhudumu anayetafuta wekundu atatibu upele, ingawa upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole na huambukiza nyumba nzima. Majipu ya funza wa nzi anayetaga kwenye nguo mbichi kambani ni jambo jingine kabisa. Pasi ya moto huua mayai yake, lakini haiondoi nikeli wala rangi.

Hatari isiyosemwa vya kutosha ni piko ya harusini. Hina halisi huacha rangi ya kahawia nyekundu. Ile nyeusi tititi mara nyingi imechanganywa na rangi ya nywele yenye parafenilinidiamini. Bibi harusi aliyebabuka mikono kwa piko anaweza baadaye kuwashwa na abaya ya poliesta, kwa sababu mwili huzichanganya kemikali hizo zinazofanana.

Uthibitisho hupatikana kwa vibandiko vyenye kemikali hizo, vinavyobandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi husomwa, na kusomwa tena siku moja au mbili baadaye. Krimu ya steroidi hutuliza kwa muda mfupi tu. Mzio wenyewe kwa kawaida hudumu maisha yote, na mwenye nao huvaa pamba au hariri, nyeupe au ya rangi hafifu, iliyofuliwa kabla ya kuvaliwa.