Utii wa Askari Haufuti Haki Yake
Hotuba ya wakili mbele ya waumini na watetezi wa haki, Rongai, Nakuru



Nimeombwa nijibu swali ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona: askari wa akiba aliyeadhibiwa na kunyimwa likizo apeleke wapi kilio chake?

Tuchukue mfano. Kijana wa jeshi la akiba ameitwa kutumika. Mamaye anaugua. Anaomba likizo, na mkuu wake anakataa kwa neno moja, bila maandishi wala sababu. Kijana anaondoka hata hivyo, anamuuguza mama siku tatu, kisha anarejea kambini kwa hiari yake. Anakatwa mshahara kabla hajaulizwa lolote. Nyumbani, nusu ya ukoo wasema anyamaze, kwani jeshi ni jeshi. Nusu nyingine wataka maandamano.

Nianze na lisilopendeza. Kijana huyu alikosa. Kuondoka kambini bila ruhusa ni kosa la kijeshi, na wakili anayemwambia vinginevyo anamdanganya. Tena, Sheria ya Ajira ya 2007, inayompa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka, inatamka wazi kwamba haiwahusu wanajeshi wala askari wa akiba. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 24, inaruhusu sheria iwapunguzie wanajeshi baadhi ya haki, zikiwamo za kujiunga na vyama, kuandamana na mahusiano ya kazi. Kwa hiyo wanaotaka maandamano watamzidishia mashaka.

Lakini, ndugu zangu, isomeni orodha hiyo mpaka mwisho. Kifungu cha 47 hakimo. Hicho ndicho kinachomtaka kila mwenye mamlaka ya utawala atende kwa mujibu wa sheria, kwa busara, bila kukawia na kwa utaratibu wa haki. Na anayeumizwa na uamuzi apewe sababu kwa maandishi. Nayo haki ya kusikizwa kesi kwa uadilifu, Kifungu cha 25 kinakataza isipunguzwe kwa mtu yeyote. Mkuu wa kikosi aweza kukataa likizo, maana ulinzi wa nchi una dharura zake. Hana ruhusa ya kukataa kusikiliza, wala kuadhibu kwanza na kuuliza baadaye.

Wako watakaosema kwamba kumsikiliza askari ni kuvunja nidhamu. Hao nawakumbusha Lanet, ng'ambo ya pili ya mji wetu wa Nakuru. Tarehe 24 Januari 1964, majuma sita tu baada ya Uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi humo kambini. Walikuwa na manung'uniko juu ya mishahara, hali ya kazi na kuendelea kuongozwa na maofisa Waingereza. Majeshi ya Uingereza ndiyo yaliyoitwa kuwazima. Wengine walishtakiwa katika mahakama ya kijeshi wakafungwa, na kikosi chenyewe kikavunjwa. Siwatetei walioshika bunduki. Nasema tu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Lanet ulijengwa kwa gharama kubwa.

Basi kijana wetu afanye nini? Aandike tarehe za ombi lake, jina la aliyemjibu, na adhabu aliyopewa. Atunze cheti cha hospitali cha mamaye. Apeleke malalamiko kwa maandishi kwa mkuu wa kikosi, na yasipojibiwa, kwa ngazi iliyo juu, kwa lugha ya heshima, akikiri kosa lake. Aombe sababu za uamuzi. Sheria ya Utendaji wa Haki Katika Utawala ya 2015 yasema kwamba asiyetoa sababu, mahakama itachukulia kuwa alitenda bila sababu njema, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akicheleweshwa, aende kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsmani. Mahakama Kuu iwe mwisho, kwa sababu sheria hiyo hiyo yataka njia za ndani zimalizwe kwanza, isipokuwa pawepo jambo lisilo la kawaida. Na kama alihukumiwa na mahakama ya kijeshi, njia yake ni rufaa katika Mahakama Kuu.

Kanisa nalo lina kazi. Msaidieni kuandika barua. Mtembeleeni mama mgonjwa ili mwana asilazimike kuchagua kati ya kiapo na kitanda cha mzazi. Msimtie kiburi, wala msimwambie amwachie Mungu yale ambayo sheria imemruhusu kuyauliza. Mtume Paulo, alipofungwa tayari kupigwa mijeledi, hakumtukana akida aliyesimama karibu. Alimwuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi asiyehukumiwa. Akida akaenda kumweleza jemadari, na wale waliokuwa tayari kumpiga wakaondoka.

Swali lile lile, likiulizwa kwa adabu na kwa maandishi, laweza kumrudishia kijana wetu heshima yake. Labda atabaki na adhabu ndogo anayoistahili. Hiyo ni haki pia, na tumfundishe kuipokea.