Tofauti Ndogo ya Chembe na Pacha Wake

Mwezi Machi 2025, maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilitangaza tofauti ya asilimia 2.45 kati ya kuvunjika kwa chembe na kwa pacha wake. Mtu ataguna: hiyo nayo ni habari? Ni habari, tena kubwa.

Kila chembe ina pacha wake mwenye chaji iliyogeuzwa. Wanafizikia waliamini kuwa ukiweka pacha mahali pa chembe, kisha ukageuza kushoto kuwa kulia kama kiooni, kanuni za maumbile hazibadiliki. Mwaka 1964, huko Brookhaven, Marekani, James Cronin, Val Fitch na wenzao waliona chembe iitwayo kaoni, ile yenye maisha marefu, ikivunjika kuwa chembe mbili ziitwazo pioni, jambo lililodhaniwa haliwezekani. Ilitokea takriban mara 2 katika kila 1,000. Chanzo hasa kilikuwa jinsi chembe hiyo na pacha wake wanavyogeukiana, mmoja kuwa mwingine, bila usawa pande zote; hiyo ndiyo aina ya kwanza ya tofauti hii. Aina ya pili imo katika kuvunjika kwenyewe: mmoja hufuata njia fulani mara nyingi kuliko mwenziwe. Ya tatu huzuka mambo hayo mawili yanapoingiliana. Ilithibitishwa mwaka 2001, Japani na California.

Tangazo hili la Machi 2025 ni la aina ya pili, ila kwa mara ya kwanza limehusu barioni, ukoo wa protoni na nyutroni zinazounda miili yetu. Hata hivyo, halielezi kwa nini maada ilibaki na pacha wake akatoweka. Anayedai fumbo limeteguliwa anatia chumvi.