Bili ya Kufungia Vitabu Inalipwa na Nani?

Ndugu zangu, dada zangu, asanteni kwa kubaki mpaka saa hii. Najua njaa inauma, sitawaweka sana.

Leo nataka tuende mbali kidogo, jimbo la Idaho, kule Marekani. Kuna mji mdogo sana unaitwa Donnelly. Maktaba yake ni kajengo ka futi 1,024 za mraba, basi. Nje wamesimamisha mahema, na shule ikitoka watoto walikuwa wanakuja hapo, wako salama, wana vitabu.

Mwaka 2024 jimbo la Idaho likapitisha sheria, Mswada nambari 710. Inasema hivi: mtoto au mzazi akiandika kulalamika kwamba kitabu fulani kina madhara kwa watoto, maktaba ina siku 60 kukihamisha sehemu ya watu wazima. Isipokihamisha, inaweza kupelekwa kortini, na mlalamishi akishinda analipwa dola 250, mbali na fidia ya hasara aliyopata.

Ukisikia hivyo unasema, ubaya uko wapi? Hata mimi sitaki mtoto wa dada yangu asome kila kitu. Lakini sasa fikiria wewe ndiye mkutubi wa Donnelly. Sehemu ya watu wazima utaiweka wapi kwenye jengo kama lile? Na kipi kina madhara, nani anaamua? Ukikosea, korti inakungoja. Kabla sheria haijaanza kazi tarehe 1 Julai, kabla ya kesi hata moja, maktaba ikatangaza kwamba sasa ni ya watu wazima. Mtoto haingii mwenyewe tu kama zamani, mpaka mzazi aridhie.

Yaani sheria ya kulinda watoto, wa kwanza kufungiwa mlango ni watoto. Na fikiria ni mtoto gani anaumia zaidi. Ni yule ambaye mzazi wake yuko kazini mpaka jioni, hana muda wa kumpeleka maktaba wala pesa ya kumnunulia vitabu. Mwenye pesa ananunua dukani, hana shida.

Tuje kwa pesa. Jimbo la Arkansas mwaka 2023 lilitunga sheria ambayo mkutubi angeweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Kesi ikaenda, na Desemba 2024 jaji wa shirikisho akabatilisha vipengele hivyo. Wyoming, kaunti moja ilimfuta kazi mkuu wa maktaba baada ya mvutano wa vitabu vya watoto na vijana. Mwaka 2025 ikakubali kumlipa dola 700,000. Hizo hazitoki mfukoni mwa waliopiga kelele kwenye mkutano. Ni pesa ya umma. Hesabu mwenyewe, dola 700,000 zingenunua vitabu vingapi, zingelipa mishahara ya wakutubi wangapi.

Na si kila mara korti inaokoa. Kaunti ya Llano, Texas, iliondoa vitabu 17, kimojawapo kikiwa historia ya Ku Klux Klan iliyoandikiwa vijana. Wasomaji walishtaki. Mei 2025 mahakama ya rufaa ikaamua, majaji 10 kwa 7, kwamba msomaji hana haki ya kuidai maktaba ya umma impe kitabu ilichoamua kuondoa.

Sasa hapa nataka tuambiane ukweli. Oktoba 2022, mji wa Dearborn, Michigan, wazazi Waislamu walijaa kwenye mkutano wa bodi ya shule kupinga vitabu vya ngono na mapenzi ya jinsia moja. Wengi wetu tungekuwa pale. Uchungu wa mzazi siudharau, na mzazi ana haki ya kusema mwanangu kitabu hiki hapana. Lakini kumzuia mwanao ni jambo moja, na kuipa serikali kufuli ya kabati la watu wote ni jambo jingine. Kufuli hiyo haibaki kwa unachokichukia wewe. The Kite Runner, riwaya ya Khaled Hosseini, mzaliwa wa Afghanistan, nayo imeondolewa kwenye shule nyingi za huko huko Marekani. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kwa nini nawaambia haya hapa Kenya? Katiba yetu, Kifungu cha 33, inatupa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au fikra. Kupokea limeandikwa pale, tusilisahau. Siku mswada wa aina hii ukiletwa, wa kitaifa au wa kaunti, kutakuwa na ushiriki wa umma. Usiende kupiga makofi wala kuzomea kabla hujauliza maswali matatu. Neno "madhara" maana yake nini, na nani anaamua? Kesi ikija, analipa nani? Na mtoto ambaye kwao hakuna kitabu hata kimoja, atasomea wapi?

Wasipoweza kujibu, andika memoranda, tia sahihi, peleka. Mkihitaji msaada wa kuandika, tupo, tutakaa chini tuandike pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.