TAREHE 5 JUNI 1873
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Mtakumbuka ya kuwa katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja alileta shauri kwamba chama chetu kiwe na siku moja katika mwaka ya kukumbuka kukomeshwa kwa biashara ya watumwa katika pwani yetu, naye akaitaja tarehe 5 Juni. Mzee mmoja akasimama akasema kwamba yeye hawezi kuifurahia siku hiyo, kwa kuwa mama yake babu alizaliwa nyuma ya tarehe hiyo, na alizaliwa mtumwa. Hapo baraza lote lilinyamaza, na shauri halikukatwa. Sisi tukaagizwa tuichungue habari hii. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kabla ya mwaka wa 1873 palikuwa na mapatano mengine. Mwaka wa 1822 Sayyid Said bin Sultan alikubaliana na Waingereza kwamba watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Mwaka wa 1845 alikubali tena kwamba wasichukuliwe kutoka pwani ya Afrika kwenda Arabuni. Lakini mapatano hayo yaliacha mlango wazi: ruhusa ilibaki ya kuwasafirisha baharini baina ya Kilwa na Lamu. Basi chombo kilichotoka Kilwa kimejaa watu kiliweza kutia nanga Unguja kwa haki ya sheria, na watu wale wakapangwa safu katika soko la Mkunazini wakatazamwa meno na mikono kama watazamwavyo wanyama. Na chombo kikiisha kutoka tena bandarini, ni nani aliyeweza kujua kwa yakini kama kinakwenda Lamu au kinakwenda Maskati?

Mwezi wa Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja, ametumwa na Serikali ya Uingereza kumtaka Sayyid Barghash bin Said aufunge mlango huo. Sayyid Barghash alikataa. Tufani ya mwezi wa Aprili 1872 ilikuwa imeing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tena alihofu kwamba wenye mashamba wangemwasi. Sir Bartle Frere akaondoka mwezi wa Machi bila ya kupata alichokijia. Kisha Dr. John Kirk, aliyekuwa akishika kazi ya ubalozi, akaletewa amri kutoka London: Sayyid atie sahihi, ama sivyo manowari zitaizunguka Unguja, chombo kisiingie wala kisitoke. Sayyid Barghash akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873.

Tuyatazame masharti yenyewe, maana sisi tulio makarani twajua kwamba nguvu ya hati haimo katika kichwa chake, imo katika masharti yake. Kwanza, kusafirisha watumwa kwa bahari kutoka bara, hata kutoka bandari moja ya Sayyid kwenda nyingine, kukome kabisa. Pili, masoko yote ya hadhara ya kuuzia watumwa walioletwa yafungwe. Tatu, walioachwa huru walindwe. Nne, Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza wasimiliki watumwa. Hapana sharti hata moja lililosema kwamba mtu aliyekuwa akilima shamba la bwana wake usiku wa tarehe 4 aamke huru asubuhi ya tarehe 6.

Soko la Mkunazini lilifungwa kweli, na kiwanja chake kikaingia katika mikono ya misheni. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa, ambalo Askofu Edward Steere alilisimamia, nalo limesimama hata leo. Hilo ni jambo kubwa, wala hatutaki kulipunguza. Mahali palipokuwa na mnada wa watu hapakuwa na mnada tena.

Lakini wafanya biashara walikuwa wepesi kuliko hati. Bahari ilipofungwa, misafara ilikwenda kwa miguu, ikaifuata pwani kutoka Kilwa kwenda kaskazini, na wengi walioshindwa na mwendo walikufa njiani. Ikambidi Sayyid Barghash atoe amri nyingine mwaka wa 1876 kukataza misafara hiyo ya nchi kavu. Huko Pemba nako, ambako tufani haikuharibu sana, mikarafuu iliongezeka, na watumwa wakavushwa usiku kwa mitumbwi na majahazi. Waingereza waliweka manowari kuukuu iitwayo London katika bandari ya Unguja tangu 1874 hata 1883, na mashua zake zilikuwa zikivizia vyombo hivyo. Kapteni Brownrigg, mkuu wa manowari hiyo, aliuawa Desemba 1881 alipokikaribia chombo kimoja karibu na Pemba. Hiyo ilikuwa miaka minane baada ya sahihi.

Wala watumwa wenyewe hawakukaa wakingojea makaratasi. Walitoroka, wakajenga vijiji vyao, na wengine wakakimbilia misheni. Huko Rabai, karibu na Mombasa, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana zao kulipwa fedha.

Mwaka wa 1890 Sayyid Ali bin Said alikataza kila namna ya kununua na kuuza watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamud bin Muhammad alitoa amri kwamba mahakama za Unguja na Pemba zisiitambue tena haki ya kumiliki mtu. Hata hapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na aliyelipwa fidia ni bwana. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka wa 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa uliondolewa kisheria mwaka wa 1907, na Tanganyika mwaka wa 1922. Hesabuni, Mabwana: kutoka 1873 mpaka 1922 ni miaka 49. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya sahihi aliweza kuwa na wajukuu kabla sheria haijamaliza safari yake.

Basi mwenzetu mzee alisema kweli, na aliyeleta shauri naye hakukosa. Walikuwa wakisema habari za mambo mawili mbalimbali. Tarehe 5 Juni ni siku ambayo soko lilifungwa. Si siku ambayo watu walipata uhuru. Ubaya ni kuyachanganya mambo hayo mawili, kwa kuwa tukisherehekea uhuru siku hiyo twawafuta watu wote waliofanya kazi bila ya ujira baada yake, na miongoni mwao ni wazee wetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena imo dhihaka ambayo bado husikika barazani, ya kumwita mtu mtumwa au mwana wa mtumwa anapogombana na mwenzake. Katika chumba hiki wamo wajukuu wa waliouzwa, na wajukuu wa waliouza, na wajukuu wa waliokuwa wapagazi wa misafara. Hatukuulizana, na ni vizuri kwamba twaketi benchi moja. Lakini atamkaye neno lile ajue kwamba anafungua tena kidogo lile soko lililofungwa.

Shauri letu ni hili: siku ikumbukwe, lakini isiwe siku ya ngoma. Zisomwe tarehe zote kwa mpangilio wake, 1873, 1876, 1890, 1897, 1907, 1909, 1922, ili vijana waone urefu wa njia. Na sisi tushikao kalamu tupate onyo letu. Kila siku twaandika tarehe juu ya barua, bwana mkubwa hutia sahihi, nasi twaliweka jalada kabatini tukidhani jambo limekwisha. Huenda yuko mtu mahali fulani ambaye kwake halijaanza.

Tumekwisha, Bwana Mwenyekiti. Kukata shauri ni kwenu.