Mwanga Tuugawe kwa Hesabu

Hotuba kwa familia za wakimbizi wa ndani, familia wenyeji na viongozi wa mitaa, Kindu, Maniema



Wengine mmevuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, wengine mmetembea kutoka Kasuku na Mikelenge. Wapo kati yenu waliofika hapa wakikimbia mapigano ya Kabambare. Wapo waliokimbia Kivu baada ya vita kuongezeka mwaka 2025. Na wapo wenyeji waliowafungulia mlango, wakagawana nao chumba, kisima na sahani ya wali. Tunawasalimu wote pamoja, kwa sababu jambo la leo linawahusu wote pamoja.

Mbele yenu mnaona sanduku. Uzito wake ni kama wa mtoto wa miaka miwili. Ndani yake kuna batri kubwa, na ubavuni kuna matundu ya kuchomeka taa, simu na redio. Nje, juani, kuna paneli mbili za sola zinazolilisha. Halinywi mafuta, halipigi kelele, halitoi moshi.

Tutaeleza namna ya kulitumia. Lakini tunasema tangu mwanzo: sanduku hili linaweza kuleta mwanga, na linaweza kuleta ugomvi. Tumeyaona yote mawili.

Tulipokosea

Mahali pamoja tulipeleka sanduku kama hili kwa familia za wakimbizi. Tulizungumza na wakimbizi, tukasahau kuzungumza na wenyeji. Simu zilichajiwa bure, mchana kutwa. Watu wakafurahi, na sisi tukafurahi.

Katika mtaa ule kulikuwa na vijana wawili wenyeji waliokuwa na kibanda cha kuchaji simu. Walinunua jenereta ndogo kwa jasho lao, na kwa faranga chache za kila simu walilisha nyumba mbili. Baada ya wiki mbili kibanda kilikuwa kitupu. Usiku mmoja waya wa paneli ulikatwa. Asubuhi wakimbizi wakasema, «Wenyeji wanatuchukia.» Wenyeji wakajibu, «Tuliwapa kiwanja, sasa wanatunyang'anya mkate.»

Nani alikosa? Mkono uliokata waya ulikosa. Lakini kosa la kwanza lilikuwa letu. Tulileta msaada upande mmoja, na msaada huo ukachukua riziki ya upande wa pili. Tulirudi, tukakaa chini na pande zote mbili, tukasema hivyo mbele ya watu. Mwishoni wale vijana wawili ndio waliopewa kazi ya kutunza nyaya na paneli, na sanduku likawekewa mpaka: simu chache kwa siku, kwa wasio na uwezo wa kulipa. Wenye uwezo walirudi kibandani. Waya haukukatwa tena.

Kwa hiyo leo tunaanza na hesabu, na tunaifanya mbele ya wote.

Sanduku lina kiasi gani?

Umeme hupimwa kama mchele. Kipimo chake ni wati-saa. Taa ya wati 5 ikiwaka saa moja, inakula wati-saa 5. Ikiwaka saa mbili, inakula 10.

Sanduku hili linabeba wati-saa 1,000. Lakini kubeba si kujazwa. Gunia la kilo 100 halina faida kama shamba limetoa kilo 50. Shamba letu ni zile paneli mbili, kila moja ya wati 100. Siku ya jua zuri tunahesabu kama saa nne za jua kamili. Toa kinachopotea kwa joto, kwa vumbi na ndani ya mashine yenyewe. Kinachobaki cha kutumia ni kama wati-saa 500. Siku ya mawingu mazito kinaweza kushuka chini ya nusu ya hapo.

Basi, tukiwa na 500, tugawe hivi:

1. Taa 6 za wati 5, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku: 150.
2. Redio moja ya habari kwa saa 4: 20.
3. Akiba ya dharura, isiyoguswa bila ruhusa ya kamati: 100.
4. Simu kubwa 8, kila moja 20: 160.
5. Simu ndogo za vitufe 14, kila moja 5: 70.

Jumlisheni wenyewe. Ni 500. Hakuna kilichobaki, na hakuna kilichofichwa.

Simu 22 kwa siku. Kama tuna familia 60, kila familia inapata zamu yake kila siku ya tatu, na katika siku hizo tatu zinabaki zamu 6. Hizo tunapendekeza ziwe za mtu anayemtafuta ndugu yake. Mama aliyeachana na mtoto wake njiani, na namba ya simu ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yao, huyo asiambiwe angoje siku ya tatu.

Sasa sikilizeni jambo lingine. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula wati-saa 500. Maana yake nini? Shati moja la kiongozi limekula taa zote sita, redio, akiba na simu 22 za siku nzima. Ndiyo maana tunasema: hakuna pasi, hakuna jiko la umeme, hakuna birika la umeme. Si kwa kiongozi, si kwa mgeni, si kwetu sisi tuliolileta. Na friji ya chanjo ya kituo cha afya inahitaji mtambo wake yenyewe, usiozimwa usiku wala mchana. Isitegemee sanduku la zamu.

Jua la Kindu

Kindu iko karibu na mstari wa ikweta, kama digrii 3 kusini yake. Jua la saa sita linapita karibu juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo paneli zilale karibu tambarare, upande mmoja ukiinuliwa kidogo tu, ili mvua iteremke na kuosha vumbi. Saa nzuri ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri.

Adui mkubwa wa paneli ni kivuli. Tutafanya jaribio. Kijana, angalia namba kwenye kioo cha sanduku. Mwenzako afunike kona ya paneli kwa jani la mgomba. Mmeona namba ilivyoanguka? Jani lilifunika sehemu ndogo, lakini limepunguza umeme mwingi. Kwa hiyo msitandike nguo juu ya paneli, msizifunge chini ya mwembe, na kila asubuhi zifutwe kwa maji na kitambaa laini kabla hazijapata moto.

Paneli zinataka jua, sanduku linataka kivuli. Msibadilishe. Sanduku likae ndani, mahali pakavu penye hewa, juu ya meza au matofali, lisifunikwe kwa blanketi. Mvua isiliguse. Mwenye mikono yenye maji asichomeke kitu: matundu ya volti 220 yanaua hapa kama yanavyoua katika nyumba yenye umeme wa kampuni.

Msiongeze paneli nyingine bila fundi kusoma namba zilizoandikwa kwenye sanduku. Volti zikizidi kipimo chake, linaungua. Msilifungue. Likivimba, likitoa harufu au likipata moto kupita kawaida, chomoeni kila kitu, na kama halijaanza kutoa moshi lipelekeni nje, mbali na watu wanaolala. Likishaanza kutoa moshi, ondokeni ninyi, liacheni. Na msiliache tupu kwa siku nyingi. Likiwa halitumiki, likae limejaa zaidi kidogo ya nusu, na kila baada ya miezi mitatu lichajiwe tena.

Nani atashika ufunguo?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunapendekeza mambo matano, nanyi mtayajadili baada yetu.

Kwanza, kamati iwe ya pande mbili, wakimbizi na wenyeji kwa idadi sawa, na nusu yake wawe wanawake. Mwanamke ndiye anayejua ni njia gani ya choo au ya kisima inaogopesha usiku. Taa sita zinawekwa wapi, yeye asikilizwe kwanza.

Pili, sanduku lisilale katika nyumba ya mtu mmoja, hata kama ni mtu mwema. Liwekwe mahali pa wote, na funguo ziwe mbili: moja kwa mkimbizi, moja kwa mwenyeji. Mlango usifunguliwe kwa ufunguo mmoja.

Tatu, ubao utundikwe mlangoni. Kila jioni uandikwe: leo jua limetoa kiasi gani, simu ngapi zimechajiwa, za nani. Asiyejua kusoma asomewe. Watu wengi hawakasirikii uchache. Wanakasirikia giza linalofunika uchache huo.

Nne, siku ya mawingu tujue mapema kinachokatwa kwanza. Sisi tunasema: simu kubwa zikatwe kwanza, kisha simu ndogo, kisha redio. Taa ya mama anayejifungua na taa ya njia ya choo ziwe za mwisho kabisa. Mkipanga leo, hamtagombana siku ile.

Tano, wanaochaji simu kwa biashara waitwe kwenye mkutano kabla sanduku halijawashwa. Wasikie mpaka wa simu 22. Waone kwamba hatukuja kufunga kibanda chao. Na wakikubali, wao wawe mafundi wetu.

Kama mtaamua kutoza faranga kidogo kwa ajili ya waya na balbu, ni sawa. Lakini fedha ziandikwe kwenye ubao uleule.

Neno la mwisho

Wazee wa Kindu wanaikumbuka 2002, mji ulipozungukwa na wapiganaji na watu wakashindwa kwenda mashambani. Wakati ule wenyeji wa leo ndio walikuwa na njaa, ndio walikuwa na hofu. Kwa hiyo hapa hakuna watu wa kupewa milele na watu wa kutoa milele. Kila mmoja amewahi kukaa upande ule mwingine, au babaye amewahi.

Ardhi ya Maniema, huko Kalima, Punia na Kailo, inatoa kasiterite, na kasiterite inatoa bati. Bati ndilo linalounganisha vipande vidogo ndani ya mashine za umeme duniani kote. Kwa miaka mingi madini ya nchi yetu yamewalisha watu wenye bunduki. Mashine ya namna hii ikirudi kwetu, basi hapa ifanye kazi nyingine: imwangazie mama, imfikishie mtu sauti ya ndugu yake.

Hatuwaachii sanduku leo. Tutaliacha siku ambayo kamati ya pande mbili itasimama hapa, iseme majina yake, na ubao uwe umekwisha kutundikwa. Kama ni kesho, tutakuja kesho. Kama ni baada ya mwezi, tutangoja mwezi. Sanduku linaweza kungoja bila kuharibika. Ujirani ukiharibika, hakuna fundi wa kuutengeneza haraka.

Sasa tunanyamaza. Mzungumze ninyi, wakimbizi na wenyeji, na aanze yule mwenye neno gumu.